Siku tisa bila maji ya moto, na Kiitaliano cha Malindi kimeniangusha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Malindi, miaka 24, niko Torino mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Nakaa San Salvario, ghorofa ya tatu, na mwenzangu mmoja wa Moshi. Kiitaliano sikukijulia huku. Nimekua nikikisikia: mjomba alikuwa akiwauzia Waitaliano vinyago pale mjini, na mimi mwenyewe nimekaa mapokezi ya hoteli miaka miwili. Nilipopanda ndege nilikuwa na hofu ya baridi tu, lugha niliona ninayo.

Jumanne tarehe 14 Januari asubuhi niliingia kuoga, maji yakatoka ya moto dakika moja, halafu yakageuka barafu nikiwa na sabuni kichwani. Boila ya jikoni ilikuwa imezima, kitaa chekundu kinawaka. Redieta za ukutani nazo zikapoa. Nikamwandikia mwenye nyumba papo hapo. Ni mama mtu mzima, anakaa mtaa wa pili. Nakunakilia ujumbe kama ulivyo:

"Ciao bella! Caldaia no buona, acqua no calda. Io sono fredda. Tu vieni subito!"

Akajibu jioni: "Signorina, non siamo al mercato", yaani binti, hapa hatuko sokoni. Basi, hakuongeza neno. Siku ya tatu nikampigia, akaongea kwa kasi, nilichoshika ni "vediamo" na "ci penso io". Siku ya sita nikapiga tena nikamwambia na habari ya kuvu, maana ukuta wa nyuma ya kabati umeota madoa meusi kama masizi. Hapo akawa mkali. Nikasikia "colpa vostra", "stendino" na "caparra". Mwenzangu, ambaye sarufi anaijua kunishinda, anasema mama huyo anadai sisi ndio tumeleta hiyo kuvu kwa kuanika nguo ndani, na ataikata kwenye dipoziti yetu.

Leo Jumatano ni siku ya tisa. Tunachemsha maji kwa sufuria na kuoga kwa kopo kama nyumbani, ila nyumbani hakuna nyuzi mbili. Tumenunua hita ya umeme; tukiiwasha pamoja na birika, umeme wa nyumba nzima unakatika. Mwenzangu anasema mwezi wa pili tusilipe kodi mpaka atengeneze. Mimi naogopa, vibali vyetu vya kuishi havijatoka, tuna risiti ya posta tu.

Niandikie maneno, Shangazi, yale ya kusema nisikike bila kuonekana sina adabu. Na mama anakuja mwezi wa nne, atalala siku mbili hotelini Roma kabla ya kupanda treni kuja huku. Maneno ya hoteli nilidhani nayajua, sasa hata hayo siyaamini.

Mwenye Baridi, Torino

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakuonea huruma, ya tatu nikamwonea huruma na yule mama.

Kiitaliano chako si kibovu, ni cha ufuoni. Pale Malindi Mwitaliano yuko likizo, kavaa kaptura, na wewe uko kazini kumchangamsha. Huko Torino mambo yamegeuka: yeye yuko kwao, ni mtu mzima, na hamjazoeana. Kumwambia "ciao bella, vieni subito" ni sawa na mpangaji wa Malindi kumwandikia mama wa watu, "Mambo mrembo, njoo hapa mara moja." Hata nyumba ingekuwa inaungua, macho yake yangekwama kwenye lile "mrembo".

Dawa yake ina herufi tatu: Lei. Mtu usiyemzoea humwambii "tu", unamwambia "Lei", na kitenzi unakipeleka nafsi ya tatu, kana kwamba unamsema mtu mwingine. Usishangae, hili tunalo. Mhudumu anayemwuliza tajiri wake usoni, "Bwana atakunywa chai?", na muuza leso anayesema, "Mama ataichukua hii ya bluu?", wote wawili wanatumia Lei bila kujua. Basi "vieni", njoo, inakuwa "può venire?", unaweza kuja?, na ukitaka kuipaka asali, "potrebbe venire?". Mwanamume naye ni Lei vilevile, usije ukamtafutia neno lingine. Na "vorrei" ndiyo "naomba" yetu. "Voglio", nataka, waachie watoto wanaolilia aisikrimu.

Halafu hilo la "io sono fredda". Hapo umetafsiri kutoka Kiingereza, na Kiingereza kimekuponza. Mwanamke akisema "sono fredda" anasema hana hisia za mapenzi. Kinyume chake, "sono calda", sikuelezi hapa kwa sababu kuna watoto wanasoma. Kiitaliano kinasema "ho freddo", yaani nina baridi, kama tunavyosema sisi wenyewe. "Ho fame", nina njaa. "Ho paura", nina hofu. Muda nao ni vivyo hivyo: "siamo senza acqua calda da martedì", tuko bila maji ya moto tangu Jumanne, kitenzi kikiwa cha wakati uliopo, neno kwa neno. Ukikwama, kiulize Kiswahili chako kwanza. Hata matamshi tumepewa bure: a, e, i, o, u ni zetu, "bagno", bafu, ni banyo, "doccia", bafu la mvua, ni docha, "chiave" ya mlango ni kyave, maana ch yao ni k yetu, na c yao mbele ya i au e ndiyo ch yetu.

Mahali pamoja tu Kiswahili kitakuuza, nayo ni saa. Mwaka wangu wa pili huko funguo ilinikatikia kitasani, nikampigia "fabbro", fundi wa makufuli, akaniambia "domani alle nove". Nove ni tisa, najua, nilihesabu kwa vidole. Nikakaa nikimsubiri saa tisa mchana na chai nimeshaiweka. Alikuwa amekuja saa tatu asubuhi, akabonyeza kengele, akaondoka, na gharama ya kuja bure akanitoza. Tangu siku hiyo fundi akinitajia saa namwuliza, "di mattina o di pomeriggio?", asubuhi au mchana?

Sasa tuandike. Sisi tukiwa na shida huzunguka: za asubuhi, watoto hawajambo, samahani kwa usumbufu, nina kajambo kadogo. Mwitaliano akifika kwenye kajambo ameshatia simu mfukoni. Wewe uliruka upande wa pili, ukaamrisha bila kueleza. Njia ya katikati ni salamu moja, wewe ni nani, kitu gani kimeharibika, tangu lini, unataka nini na kwa lini. Umtumie hivi leo hii:

"Buongiorno signora, sono l'inquilina del terzo piano. Le scrivo per segnalare un guasto: la caldaia è in blocco da martedì 14 gennaio e siamo senza riscaldamento e senza acqua calda. Le allego una foto del display. È urgente: potrebbe mandare un tecnico entro domani? Siamo in casa dopo le 17. La ringrazio, cordiali saluti."

Yaani: habari za mchana, mama, mimi ni mpangaji wa ghorofa ya tatu. Nakuandikia kukuarifu hitilafu: boila imejifunga tangu Jumanne tarehe 14 Januari, hatuna joto wala maji ya moto. Naambatanisha picha ya kioo chake. Ni jambo la haraka, ungeweza kumtuma fundi kabla kesho haijaisha? Tunakuwepo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni. Asante, salamu za heshima. Chini yake weka jina lako kamili. Kama ana shahada na kwenye mkataba ameandikwa "dott.ssa", mwite dottoressa, wanapenda, na haikugharimu kitu.

Neno la kushika hapo ni "guasto", hitilafu. Na "segnalare", kuarifu, ni tamu kuliko "lamentarsi", kulalamika. Nilivyoona kwa miaka yangu ya ukalimani, mwenye nyumba anayearifiwa huchukua kalamu, anayelalamikiwa huanza kujitetea.

Kabla hujautuma, nenda jikoni ukaitazame caldaia yenyewe. Chini yake, au kwenye kioo, kuna kipimo cha mgandamizo wa maji. Ikiwa imepoa inatakiwa kusoma kati ya 1 na 1.5. Ikiwa iko chini ya 1, huenda hiyo ndiyo sababu imezima, na chini pale kuna kibomba kidogo, "rubinetto di carico", ambacho ukikifungua polepole utasikia maji yakiingia kama mtu anayenong'ona. Sindano ikigusa 1.2 au hapo, kifunge, kisha bonyeza "reset". Ikiwaka, umejiokoa. Ikishuka tena kesho yake, una sentensi mpya: "La caldaia perde pressione", boila inapoteza mgandamizo, na hiyo fundi anaielewa kabla hujaimaliza. Kama hujui kibomba kipi ni kipi, usiguse. Mwandikie tu, "La pressione è a 0,5. Cosa devo fare?", mgandamizo uko 0.5, nifanye nini? Lakini ukisikia harufu ya gesi usiandike kitu wala kuwasha taa. Fungua dirisha, funga gesi, toka nje, na ukiwa barabarani piga 112 useme, "Sento odore di gas", nasikia harufu ya gesi, ukitaja mtaa na namba ya nyumba. Na nikuombe jingine, maana nimeshaona watu wetu wakilifanya: hata baridi ikuume vipi, usiingize jiko la mkaa chumbani. Madirisha ya huko yanaziba kweli, si kama yetu, na hewa ya mkaa haina harufu wala haikuamshi.

Kitenzi "perde" usikiache hapo kwenye pressione. Kinapoteza, yaani kinavuja: "il rubinetto perde", bomba linavuja; "il tubo sotto il lavandino perde", mpira wa chini ya sinki unavuja. Kilichoziba ni "intasato": "lo scarico della doccia è intasato", tundu la kutolea maji bafuni limeziba; "il water è intasato", na hilo water ni choo chenyewe, linasomwa vater, si maji. Flashi ni "lo sciacquone", shakwone, neno la kufurahisha kulisema hata kama halijaharibika. Kisichokuwepo ni "manca": "manca l'acqua", hakuna maji. Na chochote usichokijua jina, kioneshe kwa kidole useme "questo non funziona", hiki hakifanyi kazi. Hakuna fundi aliyewahi kushindwa kuielewa hiyo.

Simu ndiyo iliyokuangusha zaidi ya ujumbe, nadhani. "Vediamo" ni tutaona, na unajua tutaona ya mwenye nyumba ina uzito gani. "Ci penso io", niachie mimi, ndiyo ile "niko njiani" ya fundi wa kwetu ambaye bado yuko kitandani. Utasikia pia "mi faccio viva io", nitakutafuta mwenyewe, na mwezi wa nane "l'idraulico è in ferie", fundi bomba yuko likizo, ambayo mara nyingi ni kweli tupu, kwani karibu na tarehe 15 Agosti, Ferragosto, nchi nzima inahamia baharini. Usibishane na maneno haya. Jibu kwa upole, "Va bene. Per che giorno, più o meno?" Sawa, kwa siku gani hivi? Akikimbia kama treni, mwambie, "Mi scusi, può parlare più lentamente?", samahani, unaweza kuongea polepole zaidi? Na ukishakata simu, hapo hapo, kabla hujaweka sufuria motoni, mwandikie: "Come d'accordo al telefono, il tecnico viene giovedì mattina. Grazie." Kama tulivyokubaliana kwenye simu, fundi anakuja Alhamisi asubuhi. Sentensi hiyo nawafundisha wote wanaonijia, maana inageuza mazungumzo ya hewani kuwa maandishi, na yeye asipoyakana, yanabaki.

Tuje kwenye kuvu, na hapa sitakupendelea. "Stendino" ni ile fremu ya kuanikia nguo, na mama wa watu hakosei kabisa. Nguo mbichi ndani ya chumba kilichofungwa hutoa maji hewani, maji yakigusa ukuta wa baridi yanakuwa jasho, "condensa", na kuvu hupenda hapo. Anikeni bafuni dirisha likiwa wazi, sogezeni kabati lisigusane na ukuta, na asubuhi na jioni fungueni madirisha dakika kumi hata kama mnalia. Wanaita "arieggiare", na atakuuliza hilo kwanza.

Lakini yeye naye ana fungu lake, na ukuta wa baridi, aliyeufanya baridi ni nani? Siku tisa nyumba haijapashwa joto. Hiyo ndiyo hoja yako, na mpaka sasa hujaisema: "La muffa è peggiorata da quando il riscaldamento non funziona", kuvu imezidi tangu joto lilipokatika. Uongeze, "La parete dietro l'armadio è umida. Può venire a vederla?", ukuta wa nyuma ya kabati una unyevu, unaweza kuja kuutazama? Tazama pia doa lilivyokaa. Likiwa kwenye kona na nyuma ya fanicha, huenda ni jasho. Likiwa duara la manjano linalotanuka kutoka darini, au linakolea kila mvua ikinyesha, sema "c'è un'infiltrazione d'acqua", maji yanaingia kutoka nje au kwa jirani wa juu, na stendino haina lolote la kufanya na hilo. Piga picha zenye tarehe. Kama siku mliyoingia mlipiga nyingine, zitafute leo.

Na dipoziti hiyo, "caparra" kwa watu na "deposito cauzionale" kwenye mkataba, haikatwi kwa simu. Mwulize bila hasira: "Mi può mettere per iscritto quanto vuole trattenere e perché?" Uniandikie unataka kukata kiasi gani na kwa nini. Wengi hunyamaza hapo. Kwa kukujuza tu, sheria namba 392 ya mwaka 1978 imeweka kikomo: dipoziti isizidi kodi ya miezi mitatu. Kama mlilipa zaidi, lishike hilo mkononi mpaka siku litakapohitajika.

Kuhusu kutolipa kodi, mwambie mwenzako wa Moshi kwa heshima zote kwamba hapana. Sheria hiyo hiyo ya 1978 inasema kodi ya nyumba ya kuishi ikichelewa zaidi ya siku 20 inatosha kuwa sababu ya kuvunja mkataba, na kutoka hapo ndiyo njia ya "sfratto", kufukuzwa. Leo mwenye kosa ni yeye, msimpe nafasi ya kubadilisha viti. Mna silaha bora, imekaa kwenye Codice civile, kitabu cha sheria zao za kiraia. Kifungu cha 1576 kinamtaka mwenye nyumba afanye matengenezo yote ya lazima, isipokuwa yale madogo madogo ya mpangaji (balbu, mpira wa bomba, na huduma ya kila mwaka ya caldaia ambayo kwa kawaida ni yenu, kwa hiyo itafuteni karatasi yake). Kifungu cha 1577 ndicho kitamu: matengenezo yakiwa ya haraka, mpangaji anaweza kuyafanya mwenyewe na kurudishiwa pesa, mradi amemwarifu mwenye nyumba wakati huo huo. Mwarifu kwanza, ndipo uite fundi. Kama hadi Ijumaa hajatuma mtu, mpelekee hii, na safari hii si kwa WhatsApp peke yake bali na kwa "raccomandata con ricevuta di ritorno", barua ya rejesta yenye kurudisha sahihi, pale posta:

"Gentile signora, Le ho scritto mercoledì 22 gennaio e non ho ancora ricevuto risposta. La riparazione della caldaia è urgente. In assenza di un Suo riscontro entro lunedì 27, chiamerò io un tecnico e Le invierò la fattura, ai sensi dell'articolo 1577 del Codice civile. Distinti saluti."

Yaani: nilikuandikia Jumatano tarehe 22 na sijajibiwa, matengenezo ya boila ni ya haraka, nisiposikia kutoka kwako kabla ya Jumatatu tarehe 27 kwisha, nitaita fundi mwenyewe na kukutumia ankara, kwa mujibu wa kifungu cha 1577. Ona hapo hakuna tusi hata moja, na "cordiali" imegeuka "distinti", ambayo ni baridi zaidi. Mwitaliano ataihisi kabla hajafika kwenye namba ya kifungu. Fundi mdai "fattura", ankara kamili yenye jina lako, si kijikaratasi. Na akikuambia kipuri kimekufa na kubadilisha ni mamia ya yuro, usiruhusu papo hapo. Mpigie mwenye nyumba fundi akiwa amesimama hapo, wazungumze wao.

Ikishindikana kabisa, kuna vyama vya wapangaji. SUNIA ni kimojawapo kikubwa na kiko miji mingi. Kwa kuvu iliyopindukia unaweza kuomba ASL, idara ya afya ya mahali, waje kukagua. Pale mlangoni utaulizwa jambo moja kabla ya yote: "Il contratto è registrato?" Mkataba wenu umesajiliwa Agenzia delle Entrate, mamlaka ya mapato? Kama hujui, mwombe mwenye nyumba nakala leo, kwa upole, "Vorrei una copia della registrazione", naomba nakala ya usajili, kwani mkataba usiosajiliwa kisheria ni batili. Kibali chako cha kuishi hakimo katika mkono wake. Kinatolewa na Questura, makao ya polisi, na Questura haina habari na boila yako.

Sikudanganyi kwamba Lei na vifungu vinamaliza kila kitu. Wako wenye nyumba ambao ukiwaandikia Kiitaliano cha profesa bado wataona rangi yako kwanza. Nimekaa na watu hao meza moja nikiwatafsiria, nawajua. Huyo wako sijui ni wa aina gani. Lakini "non siamo al mercato" yake ilikuwa jibu la "ciao bella", basi kwanza tumwondolee hiyo sababu tuone kinachobaki.

Umeme huo haujaharibika. Nyumba nyingi za huko zina mita ya kilowati 3. Hita yenu bila shaka ni 2, birika jingine 2, jumla hiyo mita haiwezi, inakata. Wanasema "è saltata la corrente", umeme umeruka. Zima kimoja, kisha shuka ukairudishe mita, ambayo mara nyingi iko chini karibu na mlango mkuu. Najua maana yake, ni ngazi za ghorofa tatu usiku ukiwa umejifunga leso juu ya koti, tochi ya simu mdomoni. Ila kama kinachokata ni kile kiswichi cha ndani ya nyumba chenye kitufe cha "test", hapo ni "è scattato il salvavita", na kikiruka kila mara hata hita ikiwa imezimwa, huenda kuna waya unaovujisha. Hilo ni la fundi umeme, "l'elettricista", na ni la kuarifu siku hiyo hiyo.

Kwa mama hotelini Roma huna haja ya kujisomesha upya, mwandikie kwenye karatasi tu. "Buonasera, chiamo dalla camera 12", habari za jioni, napiga kutoka chumba namba 12 (camera ni chumba, asije akadhani anaulizwa habari za picha). "Nella doccia non c'è acqua calda", bafuni hakuna maji ya moto. "Mancano gli asciugamani", taulo hazipo. "C'è troppo rumore, è possibile cambiare camera?" Kelele zimezidi, naweza kubadilishiwa chumba? Akiona kunguni, neno ni "cimici", chimichi, na asilale hapo hata akiambiwa ni mbu. Wakimdai "tassa di soggiorno" juu ya bei ya chumba asigombane nao, ni kodi halali ya jiji, anailipa karibu kila mgeni. Na mkumbushe kuhusu bomba la bafuni: likiwa na herufi mbili, C ndiyo ya moto, "calda", na F ndiyo ya baridi. Akiligeuza kwa mazoea ya nyumbani ataungua mkono.